Daftari la mtaani, tasnifu ya chuoni

Juni 23, 2016, wakili Willie Kimani alitoka katika mahakama ya Mavoko, nje kidogo ya Nairobi, akiwa na mteja wake, mwendesha bodaboda Josephat Mwendwa, na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Mwendwa alikuwa amethubutu kumshtaki afisa wa polisi wa utawala aliyempiga risasi mwaka uliotangulia. Watatu hao walifungiwa katika kituo kidogo cha polisi wa utawala huko Syokimau. Humo seli Kimani alipata kipande cha karatasi ya chooni, akaandika kwamba wamo hatarini, akaomba atakayekiokota ampigie simu mke wa Mwendwa, kisha akakitupa nje. Kiliokotwa, na simu ikapigwa. Siku chache baadaye miili yao ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk.

Kipande kile kilifika Mahakama Kuu kama kielelezo. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani polisi watatu pamoja na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao, na Februari 2023 kinara wa njama hiyo akahukumiwa kifo. Ushahidi ulikuwa mwingi, zikiwemo rekodi za simu. Hata hivyo karatasi ile ina uzito wake wa pekee, kwa kuwa iliandikwa na mtu aliyejua kwamba jambo lisiloandikwa litakanushwa. Kimani alisomea sheria. Wengi wanaopotelewa na watoto, kaka na waume mikononi mwa polisi nchini Kenya hawakusomea sheria, na wengine hawakufika hata kidato cha kwanza. Wao huandika nini, wanamwandikia nani, na maandishi yao huishia wapi?

Jibu moja liko Mathare, kwenye bonde lililo kati ya Barabara ya Juja na ile ya Thika. Mwaka 2014 vijana wa hapo walianzisha Mathare Social Justice Centre, kituo kinachojulikana zaidi kwa herufi zake, MSJC. Walikuwa wamechoka kuwazika wenzao. Mazishi yalifuatana, na maelezo kutoka kwa polisi yalikuwa yaleyale: jambazi sugu, aliamriwa asimame akakaidi, alifyatua risasi kwanza, bastola ya kujitengenezea ikapatikana kando ya maiti. Sisi waandishi wa habari tuliyachapa maelezo hayo kwa aya tatu, mara nyingi bila hata kutaja jina la marehemu, na kesho yake tukaendelea na siasa. Vijana wa Mathare ndio walioamua kwamba waliokufa watahesabiwa mmoja mmoja.

Mei 2017 kituo kilizindua ripoti yake kuhusu mauaji ya kiholela mtaani humo kati ya 2013 na 2016. Kichwa chake kiliuliza ni nani atakayefuata. Mtu wa mbali angedhani hayo ni maneno ya kutia chumvi, lakini kwa mkazi wa Mathare lilikuwa swali la kila siku. Siku hizo kwenye Facebook kulikuwa na kurasa zilizobandika picha za vijana na kuwaonya wahame mtaa au waache wizi, na baada ya muda picha za baadhi yao zikabandikwa tena wakiwa maiti. Mzazi aliweza kuiona sura ya mwanawe hapo asubuhi na akashinda kutwa hajui amfiche wapi.

Nyuma ya ripoti hiyo alikuwepo Wangui Kimari, mwanaanthropolojia Mkenya aliyesomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha York, Toronto, na ambaye amekuwa mratibu wa utafiti shirikishi wa kituo. Utafiti wake wa uzamifu uliitazama Nairobi kuanzia pembezoni mwake: jinsi mji ulivyochorwa na wakoloni, jinsi sehemu fulani zilivyonyimwa maji, mitaro na barabara, na jinsi polisi walivyotangulia kufika huko kabla ya huduma nyingine yoyote. Mathare si mgeni wa misako. Katika miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza waliihesabu kuwa maficho ya Mau Mau, na Aprili 1954, kwa Operesheni Anvil, walizingira Nairobi na kuwakamata makumi ya maelfu ya Waafrika. Ukiyasoma mauaji ya leo ukiwa na historia hiyo mkononi, huwezi tena kuyaita makosa ya afisa mmoja mwenye hasira.

Lakini thamani ya ripoti ya Mathare, kwa maoni yangu, haiko kwenye nadharia. Iko kwenye uamuzi wa nani afanye utafiti. Vijana wa mtaa ndio walioingia nyumba kwa nyumba. Kwa kawaida utafiti wa chuo humwita kijana kama huyo msaidizi: anampeleka mtafiti vichochoroni, anatafsiri, anamtafutia watu wa kuhojiwa, halafu jina lake linatajwa mara moja tu kwenye ukurasa wa shukrani. Hapa aliyejua kichochoro ndiye aliyeuliza maswali, na ndiye aliyeamua maswali gani yana maana.

Na maswali yenyewe ni kazi ya ufundi. Anayeketi na mama aliyefiwa hupaswa kujua jina kamili la marehemu na jina la mtaani, kwa sababu mashahidi wengi wanalijua la pili tu. Huuliza umri, mahali hasa, saa, na palikuwa na mwanga gani: jua, taa ya nguzo, au giza. Marehemu alikuwa amesimama, amepiga magoti au amelala? Alinyoosha mikono? Milio ya risasi ilikuwa mingapi, na ilifuatana au ilipishana? Waliofyatua walivaa sare au nguo za raia, na walikuja kwa gari gani? Mtaani polisi wengi wanajulikana kwa majina ya kubandikwa, basi jina hilo huandikwa lilivyo, hata kama hakuna anayejua la kwenye kitambulisho. Kisha zinafuata karatasi: nambari ya OB, yaani daftari la matukio la polisi, ikiwa familia ilikubaliwa kuandikisha taarifa kituoni, nambari iliyofungwa kwenye maiti mochari, ripoti ya upasuaji, na fomu ya P3 kwa aliyepigwa akanusurika.

Kila mojawapo ya karatasi hizo ina kikwazo chake. Mama hupeleka malalamiko kituo kilekile anachofanyia kazi anayemshtaki. Maiti inaweza kupokewa mochari kama mwanamume asiyejulikana, ingawa alipigwa risasi mbele ya watu waliokua naye. Ada za mochari huongezeka kila siku, na familia inayoishi kwa vibarua hulazimika kuchagua kati ya kusubiri daktari huru na kuzika upesi. Wanaozika upesi hawalaumiki. Ila jeraha la risasi lililoingilia kisogoni, ambalo lingeonyesha kwamba marehemu hakuwa akimkabili aliyemuua, huzikwa pamoja naye.

Ndiyo maana kazi ya madaktari ni nusu ya kazi ya haki. Shirika la IMLU, lililoanzishwa mwaka 1992, hutumia madaktari kuchunguza mateso na vifo vinavyohusishwa na maafisa wa serikali. Na mwaka 2025 kila Mkenya aliona uzito wa jambo hilo. Mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay mwezi Juni, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi, akafia humo. Polisi walisema aligonga kichwa chake ukutani mwa seli. Madaktari waliopasua maiti wakasema majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na alama nyingine mwilini havilingani na maelezo hayo. Kauli ya polisi haikudumu hata wiki. Jiulize tu ni wangapi walizikwa kabla yake na maelezo ya ukutani yakabaki kwenye OB bila kupingwa.

Nirudi kwenye suala la jina, kwa sababu hapo ndipo chuo na mtaa huvutana zaidi. Mwanafunzi wa uzamifu hawezi kuanza kazi Kenya bila kibali cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, na idhini ya kamati ya maadili. Kamati humtaka afiche majina ya wahojiwa, abadilishe jina la mtaa ikibidi, na kila mhojiwa atie saini fomu ya ridhaa. Masharti hayo yana sababu nzuri. Shahidi aliyetajwa anaweza kuuawa. Lakini mama aliyempoteza mwanawe hakuja kuzungumza ili mwanawe aitwe Kijana wa Tatu. Amekuja kwa sababu polisi walimwita mtoto wake jambazi, naye anataka iandikwe mahali fulani kwamba alikuwa na jina, alikuwa na kazi ya kuosha magari, na alikuwa na binti. Tena fomu ya ridhaa yenye saini, ambayo kwa kamati ni kinga, kwa mama huyo ni karatasi yenye jina lake inayotembea mji mzima ndani ya mkoba wa mgeni.

Ripoti ya Mathare iliwataja marehemu na kuwalinda walio hai. Mgawanyo huo unaonekana rahisi ukiusoma, lakini unadai majadiliano ya siku nyingi na kila familia: nini kitolewe, nini kibaki kabatini, nani atasomewa kabla ya kuchapishwa. Mitaani kina mama na manusura wamejiunga katika mtandao wao wenyewe, na huhudhuria mahakama pamoja, wakisindikizana. Mimi naona mtandao huo una haki ya kuwa na sauti katika kamati za maadili za vyuo vyetu. Mhadhiri aliye ghorofa ya nne hawezi kujua kwa niaba ya mjane wa Kayole hatari ipi ni ya kweli na ipi ni ya kudhaniwa.

Kuna mfano mkubwa wa mahali ambapo utafiti wa uzamifu na kumbukumbu za watu wa kawaida vilikutana na kubadilisha historia. Katika miaka ya 1990 Caroline Elkins, mwanafunzi wa uzamifu wa Harvard, alikuja Kenya kuchunguza kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau. Alipoanza aliziamini nyaraka za serikali ya kikoloni zilizosimulia urekebishaji wa tabia. Baadaye akaona mafaili mengi yamekosekana, mengine yamechomwa, basi akaenda vijijini Kenya ya Kati akawasikiliza wazee kwa mamia. Walimweleza mapigo, kuhasiwa, kubakwa kwa kutumia chupa, vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Kitabu chake kilitoka 2005 na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Wanahistoria kadhaa walimrukia kwamba ameegemea mno masimulizi ya wazee wenye chuki zao.

Wazee wenyewe hawakusubiri mabishano ya wasomi yaishe. Tume ya Kutetea Haki za Binadamu Kenya, KHRC, pamoja na chama cha wapiganaji wa zamani, walikuwa wakikusanya maelezo yao kwa miaka, na Juni 2009 watano kati yao walifungua kesi London. Elkins, David Anderson na Huw Bennett wakaitwa kama wanahistoria mashahidi. Hapo serikali ya Uingereza ikabanwa itoe nyaraka zote, na mwaka 2011 ikakiri kuwa ina masanduku takriban 300 kuhusu Kenya yaliyofichwa katika hifadhi yake ya Hanslope Park. Mafaili hayo yalithibitisha mengi ambayo wazee walikuwa wakiyasema kwa mdomo. Juni 6, 2013, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alisimama Bungeni akaeleza majuto ya serikali yake, na malipo ya pauni milioni 19.9 yakatangazwa kwa waathiriwa 5,228.

Tasnifu peke yake haikuweza kushinda kesi ile. Wala wazee peke yao, katika mahakama ya Waingereza, hawangesikilizwa kwa urahisi. Ila mpangilio wa mambo usisahaulike: maarifa yalianzia kwa wazee, mtafiti akayapokea, na karatasi za serikali zikaja mwisho kuungama. Na wapo waliochelewa. Mwaka 2018 mahakama ya London iliitupilia mbali kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000, sababu kubwa ikiwa muda uliopita: mashahidi wamekufa na haiwezekani tena kuamua kwa haki matukio ya miaka ya hamsini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hao 40,000 kilichopotea ni nafasi ya mwisho ya kusikilizwa.

Wajir nako kuna somo chungu. Februari 10, 1984, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawavua nguo, wakawaweka juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali iliungama vifo 57. Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini humo, alitoka na wasaidizi wake wenyeji kuwaokota majeruhi na kukusanya maiti, wakawahesabu, na habari zikafika nje ya nchi. Alifukuzwa Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, akiwa bado anatibu maskini. Familia za Wajir ziliendelea kuwakumbuka wao kwa majina, na mwaka 2007 S. Abdi Sheikh, mwana wa Wajir, akachapisha kitabu kuhusu mauaji hayo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipowasilisha ripoti yake Mei 2013, ilisema huenda waliokufa wanakaribia 1,000. Bunge halijaipitisha ripoti hiyo. Kati ya 57 na 1,000 kuna mamia ya watu ambao wapo tu kwa sababu raia hawakukubali kusahau.

Anayeandika mambo haya huhatarisha uhai wake. Februari 2009 Philip Alston, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, alizuru Kenya. Miongoni mwa waliompa taarifa ni Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu wa Oscar Foundation, shirika lililokuwa likikusanya visa vya vijana waliouawa au kutoweka katika msako dhidi ya kundi la Mungiki. Machi 5, 2009, wote wawili walipigwa risasi ndani ya gari lao karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, jioni, watu wakiona. Mtafiti mgeni hurudi kwao muda wa viza ukiisha. Mkusanyaji wa taarifa anayeishi Dandora hupishana na anayemwandika kila asubuhi kwenye steji ya matatu. Hilo pekee linatosha kumfanya mtafiti afikirie mara mbili kabla ya kuomba apewe orodha.

Wapo pia wasioonekana na mtu yeyote, hata watetezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzao walichunguza Nairobi, Dhaka na Kathmandu, kwa upande wa Nairobi wakishirikiana na IMLU, na mwaka 2017 wakachapisha hitimisho linalouma: mifumo ya kuandika mateso huwapita maskini. Mashirika humtambua upesi mfungwa wa kisiasa aliyeteswa kizuizini. Kijana anayezabwa makofi na karao kila Ijumaa ili atoe mia mbili, au mchuuzi anayevunjwa mkono kwenye msako, hahesabiwi kuwa ameteswa, na yeye mwenyewe hajihesabu hivyo. Anaona ni maisha. Naomi van Stapele, aliyepata uzamifu wake Amsterdam mwaka 2015 baada ya kufanya utafiti kwa miaka mingi Mathare, alilikuta jambo hilohilo: vijana waliojiona si Wakenya kamili, kwa jinsi dola ilivyowatendea. Hapa mtafiti anayekaa muda mrefu ana faida ambayo ripoti ya dharura haina. Anaona yale yaliyozoeleka.

Pwani, shirika la Haki Africa lilitoa mwaka 2016 ripoti yenye visa 81 vya waliouawa au kutoweka kati ya 2012 na 2016, wengi wao vijana Waislamu walioshukiwa kwa ugaidi. Kichwa chake kiliuliza familia zielezwe nini. Mtu akitoweka Likoni au Majengo, mke wake hawezi kukaa eda kwa kuwa hajui kama ni mjane, mirathi haigawiki, na mtoto akiulizwa shuleni baba yuko wapi hana la kujibu. Mauaji huacha kaburi. Kutoweka hakuachi kitu, na kwa hiyo maandishi ya familia ndiyo pekee yanayoonyesha kwamba mtu huyo aliwahi kuchukuliwa: nani alikuja, kwa gari la rangi gani, alisema nini mlangoni.

Siku hizi hesabu ya kitaifa hufanywa na Missing Voices, muungano wa mashirika ulioanzishwa mwaka 2018. Kwa mwaka 2024 uliandika visa 159: mauaji 104 yanayohusishwa na polisi na watu 55 waliotoweshwa, ilhali mwaka 2023 waliotoweshwa walikuwa 10. Nayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilihesabu watu 82 waliotekwa nyara kuanzia Juni hadi Desemba 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha. Wapinzani huzishika tofauti hizo wakasema takwimu zimepikwa. Hawasemi kweli. Kila taasisi huandika kile ilichoweza kuthibitisha, kwa tafsiri yake na kwa kipindi chake, na aliyepaswa kutoa hesabu moja rasmi ni serikali yenyewe. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 humlazimu afisa kuripoti kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, kila kifo au jeraha baya linalotokana na silaha yake. Kama sheria hiyo ingefuatwa, mama wa Mathare hangehitaji kuwa mtakwimu.

Simu ya mkononi imebadilisha mengi. Machi 31, 2017, mtu fulani huko Eastleigh alirekodi afisa aliyevaa kiraia akimmiminia risasi kijana aliyelala chini. Zaidi ya miaka mitano ilipita kabla ya afisa kufunguliwa mashtaka ya mauaji, lakini bila video ile hata hayo yasingekuwepo. Baada ya Juni 25, 2024, siku vijana walipoingia Bungeni, waandishi wa BBC Africa Eye walichambua picha zaidi ya 5,000 zilizopigwa na waandamanaji na wanahabari, wakazipanga kwa sekunde na kwa pembe, na Aprili 2025 wakaonyesha maafisa waliowafyatulia risasi waandamanaji nje ya Bunge. Aliyebeba simu siku ile alikuwa mtafiti bila kujijua. Shida ni kwamba video nyingi hufa kabla ya kufika kwa mtaalamu. Ikitumwa kwa WhatsApp hupungua ubora na kupoteza taarifa za ndani zinazoonyesha saa na kifaa, na mwenye simu akiogopa kukamatwa huifuta ile asilia.

Nimesema mengi kuhusu vyuo vya nje, na ni makusudi. Tasnifu na tafiti nyingi kuhusu mauaji ya Nairobi zimeandikwa Amsterdam, Toronto na Edinburgh. Nashukuru ziliandikwa. Lakini Chuo Kikuu cha Nairobi kiko mwendo wa dakika chache kwa matatu kutoka Mathare, na King'ara na Oulu waliuawa karibu na mabweni yake. Wanafunzi wa uzamifu wa Nairobi, Moi, Maseno na Pwani wanaijua lugha, wanaijua mitaa, na wengine wametoka humo. Wanachokosa ni karo, msimamizi asiyeogopa mada, na hakikisho kwamba kibali hakitacheleweshwa kwa sababu kichwa cha utafiti kina neno polisi. Hayo matatu yako ndani ya uwezo wa vyuo na serikali, na ni aibu kwamba bado tunayaomba.

Kwa anayejiandaa kuandika tasnifu ya aina hii, ninayo machache ya kuomba. Nakala ya mahojiano ibaki kwa kituo cha mtaa, kwa utaratibu uliokubaliwa. Aliyefanya utafiti aandikwe kama mtafiti. Matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya waliohojiwa kabla ya kupelekwa kwa watahini. Na sura inayofaa mahakamani itenganishwe mapema na ile ya nadharia, ili wakili aipate mwaka huu badala ya kungoja mahafali ya baada ya miaka sita.

Kwa Bunge: Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo ilitiwa saini mwaka 2017 ili vifo vya kutiliwa shaka vichunguzwe na ofisi isiyo chini ya polisi. Kwa miaka mingi imebaki karatasini. Tengeni fedha, teueni mkuu wake, ianze kazi.

Na kwako msomaji uliyeona jambo ukanyamaza kwa hofu: andika leo tarehe, saa, mahali na majina unayoyakumbuka, hata ya utani. Usiifute video asilia, na nakala yake iweke pengine kwa mtu unayemwamini. Ukiwa tayari, ipeleke IPOA, IMLU, KNCHR au kituo cha haki kilicho karibu nawe, na usiende peke yako.